Mjue Unayemtegemea: Mahubiri kwa Wasanidi Programu wa Donholm

Ndugu yangu, dada yangu, wewe uliyejifungia chumbani Phase 5 au Phase 8 kompyuta ikiwa mapajani, na nje magari ya Outering hayanyamazi, nina neno nawe. Sikuja kukuuliza kama Jumapili ulienda kanisani au Ijumaa ulifika msikitini. Hayo ni yako na Mungu wako. Nimekuja kukuuliza programu unayoijenga imesimama juu ya nini. Je, wajua? Unaweza kunitajia, pasipo kuchungulia skrini, majina matano tu ya watu ambao usiku wa leo wakifuta kazi yao, kazi yako nayo haitaamka asubuhi?

Umenyamaza. Ndiyo sababu naandika.

Tazama unachofanya kila siku. Unaandika amri moja kwenye terminali, unabonyeza, na mistari inaanza kuteremka mbio kuliko jicho. Unaenda jikoni kuinjika chai. Ukirudi unakuta maneno ya kijani yanayosema ujenzi umefaulu, unafurahi, unaendelea na kazi. Katika dakika hizo chache mamia ya maktaba zilizoandikwa na watu usiowafahamu zimeingia ndani ya mashine yako, na kutoka hapo zitaingia ndani ya kila mashine itakayopokea kazi yako. Hukuziita kwa majina. Uliita moja, hiyo moja ikaita tano, na hizo tano zikaja na jamaa zao wote. Hayo ndiyo mategemeo ya programu yako, na leo nahubiri habari zake, kwa maana naona yakichukuliwa kama vitu visivyo na mwenyewe.

Nitachukua mfano wa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, kwa sababu mizizi yake iko hapa nyumbani, na kwa sababu baadhi yenu mnaichangia tayari na wengine mtaichangia. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuwekwa kwenye kompyuta, katika hifadhidata ndogo ya Microsoft Access. Kisha ukimwi ukaleta wagonjwa maelfu kwa maelfu kwenye kliniki za AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana, na ule mfumo mdogo ukaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret kuona namna ya kuusaidia, wakaona heri kuanza upya. Wakaungana na Hamish Fraser wa Partners In Health. Februari 2006 OpenMRS ikaanza kazi Eldoret, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu kule Rwanda. Ikaachwa huria: yeyote aisome, airekebishe, aipeleke kwao. Waganda wakajenga UgandaEMR juu yake. Sisi tukajenga KenyaEMR, ambayo tangu mwaka 2012 imeenea katika mamia ya vituo vinavyowahudumia watu wanaoishi na virusi vya ukimwi.

Sasa mtazame mama mmoja aliyeketi kwenye benchi la kliniki tangu saa moja asubuhi. Jina lake likiitwa anaingia, muuguzi anaandika namba yake, na skrini inaleta dawa anazomeza, kiwango cha virusi alipopimwa mara ya mwisho, na siku anayotakiwa kurudi. Huyo mama hajawahi kusikia habari za Maven wala npm, zile zana zinazotuvutia maktaba. Hajui kwamba nyuma ya ile skrini kuna maktaba ya kuandika kumbukumbu, nyingine ya kusoma tarehe, nyingine ya kuzungumza na hifadhidata, na kwamba kila moja iliandikwa na mtu mbali, ikachaguliwa na kijana aliyekuwa na haraka ya kumaliza kazi kabla stima hazijapotea. Anachojua ni kwamba siri yake imeandikwa mle. Amekukabidhi amana, na hata hujamwona uso.

Nasema amana, na namaanisha hivyo. Mwenye amana haulizwi alilipwa kiasi gani kuitunza. Usiniambie kwamba wewe ni mchangiaji wa kujitolea tu, kwamba ulituma mistari thelathini usiku wa manane na hukupewa hata bando. Siku ulipoongeza jina la maktaba mpya kwenye orodha ya mradi, uliingiza mkono wa mgeni kwenye faili la yule mama. Ulimchunguza mgeni huyo?

Fungua nami faili la `pom.xml`. Kila tegemeo limeandikwa kwa mistari mitatu: nani anayelimiliki, linaitwaje, na ni toleo namba ngapi. Yanaonekana machache, pengine ishirini, nawe unaridhika kwamba ishirini unayaweza. Sasa andika `mvn dependency:tree -Dverbose`, na mti mzima unachorwa mbele yako. Yale ishirini yana watoto, watoto wana wajukuu, na unaweza kupandisha skrini hadi kidole kichoke. Katikati ya matawi hayo utaona jambo ambalo wengi hulipita bila kulisoma: maktaba moja imetajwa mara mbili, kwa matoleo mawili tofauti. Programu haiwezi kubeba yote mawili. Ni nani anayeamua lipi libaki?

Si wewe. Maven huamua, na sheria yake ni kwamba lililo karibu na shina hushinda. Tuseme mradi wako unaita B, B anaita C, na C anaita D toleo la 2.0; tena mradi huohuo unaita E, na E anaita D toleo la 1.0. Njia ya kupitia E ni fupi, kwa hiyo utapewa D 1.0, lile la zamani, hata kama C aliandikwa kwa kulitegemea jipya. Hakuna kengele itakayolia. Ujenzi utafaulu, yale maneno ya kijani yatatokea, na hitilafu itangoja mpaka siku muuguzi atakapobonyeza kitufe ambacho wewe hukukijaribu. Njia zikilingana urefu, hushinda lililotangulia kuandikwa kwenye faili. Kupanga upya mistari miwili ili ipendeze machoni kunaweza kubadilisha kitakachofika kliniki! Nawasihi, msiiachie hesabu ya umbali kazi ambayo ni ya dhamiri yenu. Maven ina mahali pa kutaja waziwazi matoleo ya mradi mzima, sehemu iitwayo `dependencyManagement`. Itumieni. Andikeni kwa mkono wenu: D ni 2.0, na sababu ni hii.

Mnakumbuka Desemba 2021. Tarehe 9 na 10 za mwezi ule dunia nzima ilijua kwamba Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, ina tundu linalomwezesha mtu kutuma mstari mmoja wa maandishi na kuitawala seva. Chen Zhaojun wa kikosi cha usalama cha Alibaba Cloud alikuwa amewaarifu watunzaji wake Novemba 24. Hatari yake ilipimwa ikapewa kumi juu ya kumi. Watunzaji, wengi wao watu wa kujitolea, hawakulala; mwezi huohuo walitoa toleo 2.15.0, kisha 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, kwa sababu kila kiraka kilifunua mahali pengine penye kuvuja. Watafiti wa Google walihesabu vifurushi vya Java zaidi ya 35,000 katika ghala kuu la Maven vilivyoguswa, ambavyo ni zaidi ya asilimia 8 ya ghala lote. Sikieni sasa lililo kubwa kuliko hesabu hiyo: katika zaidi ya asilimia 80 ya vifurushi hivyo, Log4j haikuwa imeitwa na mwenye mradi. Ilikuwa chini, ngazi ya pili na kwenda chini zaidi, na kwa vilivyo vingi ilikuwa ngazi ya tano. Watu waliapa mbele ya wakubwa wao kwamba hawaitumii, na waliapa kwa moyo safi, kwa sababu walisoma mistari yao ishirini wakaishia hapo.

Hapa Donholm hatuhitaji kufundishwa juu ya kitu kilichofichwa chini. Tumeona nyumba za familia moja zikiongezewa ghorofa ya pili, ya tatu, ya nne, juu ya msingi uliochimbwa kubeba bati na dari tu. Desemba 2019 jengo la ghorofa sita liliporomoka kwa jirani zetu wa Tassia, watu wakafa. Waliokufa hawakuwa waliochanganya saruji. Walikuwa wapangaji, watu waliolipa kodi mwisho wa mwezi na kuamini kwamba aliyejenga alijua alichokijenga. Mama wa kliniki ni mpangaji wako, ndugu yangu. Naomba uende ukaangalie nguzo za chini.

Nimalize habari ya matoleo, maana hapo ndipo uvivu wetu ulipojificha. Kuna toleo linaloitwa SNAPSHOT. Jina lake halibadiliki lakini kilichomo hubadilika. Maven, isipoambiwa vinginevyo, huenda kuangalia jipya lake kila siku. Ni kitu halali kwa wanaoandika moduli mbili kwa pamoja na wanataka zipatane haraka. Lakini ulichokijenga Jumatatu na ulichokijenga Jumatano vinaweza kuwa vitu viwili, na hujabadilisha hata herufi moja. Upande wa JavaScript, ambako sura mpya ya OpenMRS 3 imejengwa, kuna alama ile ya kofia mbele ya namba, `^1.4.0`, maana yake nipe hili au lolote jipya lisilovuka kwenda 2. Unamwambia mtu usiyemjua: chochote utakachotoa kesho, mimi nimeshakubali. Ungetia sahihi karatasi ya namna hiyo kwa wakala wa nyumba?

Dawa ipo, wala haihitaji pesa. Ni faili la kufuli, `package-lock.json` kwa wa npm, `yarn.lock` kwa wa Yarn. Humo kila maktaba, hata mjukuu wa mwisho, imeandikwa kwa toleo lake halisi, na pamoja nayo alama ya uhakiki iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili mtu akibadilisha hata baiti moja njiani, ujenzi ukatae. Lihifadhini ndani ya mradi, lisiachwe nje. Na seva inayojenga toleo la kupeleka kwa watu itumie `npm ci`, kwa sababu amri hiyo hufuata kufuli neno kwa neno, na kufuli lisipokubaliana na orodha, amri inasimama na kukataa. Wa Maven hawana kufuli la namna hiyo, kwa hiyo namba kamili ziandikwe, na SNAPSHOT isionekane katika toleo lolote litakalovuka mlango wa hospitali. Hata chombo cha Maven chenyewe cha kutolea matoleo hukataa kuendelea kikiikuta mle ndani. Msikizunguke chombo hicho. Msikitafutie njia ya panya eti kwa sababu mteja anangoja.

Lakini mtu asifunge kufuli akatupa ufunguo. Wapo walioganda kwenye matoleo ya miaka saba iliyopita wakijisifu kwamba mfumo wao haubadilikibadiliki. Ile Log4j yenye tundu nayo ilikuwa imefungiwa vizuri sana katika miradi mingi! Kufunga maana yake ni kwamba mabadiliko yaje siku unayoyaita wewe, ukiwa macho, vipimo vikiwa tayari na mtu wa pili akiyasoma. Kwa maoni yangu mradi usio na siku maalumu ya kusasisha mategemeo yake, iliyoandikwa kwenye kalenda kama siku ya kulipa kodi ya nyumba, hauna watunzaji. Una waandishi tu.

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu huwaka zaidi.

Machi 29, 2024 ilikuwa Ijumaa Kuu. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, aliueleza ulimwengu alichokiona. Alikuwa akipima kasi ya kitu kingine kabisa, akagundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Mwingine angepuuza. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye xz, maktaba ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na humo akakuta mlango wa siri uliotegwa ili mwenye ufunguo aingie kwenye seva za Linux duniani kote. Mlango huo haukuonekana kwa mtu aliyesoma msimbo kwenye Git. Ulikuwa umejificha katika hati ya ujenzi, faili moja la `m4` lililotiwa kwenye kifurushi cha toleo peke yake, nalo likazindua sumu iliyofichwa ndani ya mafaili ya majaribio. Sumu iliingia wakati wa kujenga, ndugu zangu, ile saa ulipokuwa jikoni na chai.

Iliingiaje? Iliingia kupitia uchovu wa mtu. Kwa miaka mingi xz ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, akiifanya bila malipo. Mwaka 2022 watu wenye majina yasiyojulikana walianza kumsonga kwa barua: mbona unachelewa, mbona viraka havipokelewi, mpe mwingine kazi hii kama imekushinda. Alijibu kwa upole kwamba afya yake ya akili imemsumbua kwa muda mrefu, na kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Ndipo aliyejiita Jia Tan akawa karibu, mkarimu, mwenye bidii, akituma kazi nzuri mwezi baada ya mwezi, hadi akapewa funguo. Alimvizia mchovu kwa zaidi ya miaka miwili. Na sisi, mamilioni tulioitumia xz kila siku pasipo kujua jina la mtu yule, tulikuwa wapi alipohitaji mkono?

Hili ndilo nililokuja kusema hasa. Tegemeo ni mtu. Tunasema juu ya matoleo, kufuli na ghala mpaka tunasahau kwamba mwisho wa kila tawi la ule mti kuna binadamu mwenye kazi nyingine ya mchana, mwenye watoto, mwenye deni, mwenye siku asizoweza kuamka. Ukimtegemea bila kumjua, umemtwika mzigo kwa siri, na siku akianguka utaanguka naye ukimlaumu. Hata Azer Koçulu, yule aliyeziondoa maktaba zake 273 kwenye npm Machi 22, 2016 baada ya mzozo wa jina na kampuni ya Kik, alikuwa mtu aliyejiona amedharauliwa. Mojawapo ilikuwa left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, na kwa kukosekana kwake ujenzi wa miradi mikubwa ulikwama kote duniani kwa muda wa saa mbili hivi, hadi npm ilipoirudisha. Mistari 11! Hiyo ungeiandika mwenyewe ukingoja matatu ijae. Kabla ya kuongeza tegemeo jipya, jiulize kama kazi hiyo huiwezi kweli au unaikwepa. Unayoiweza katika saa moja, iandike, na utakuwa umempunguzia mwenzako mzigo mmoja.

Naam, mwingine ataniambia: mzee, haya ni ya Finland na California, sisi shida yetu ni intaneti. Vema, tuje kwenye intaneti.

Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kule kuelekea Afrika Kusini. Kenya, Tanzania, Uganda na majirani wengine tukabaki tunatambaa. Ukiwa Donholm siku zile, na mradi wako unavuta kila kitu upya kutoka ng'ambo kila unapojengwa, hukuwa na kazi. Mashine ilikuwa nzima, akili nzima, stima zipo, lakini kipande cha baiti elfu chache kilikuwa kimekwama upande wa pili wa bahari, na ujenzi wote ukakaa kukingoja. Mwezi uliofuata, Juni 25, siku vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ikatatizika tena. Halafu kuna maghala yanayofungwa yenyewe: Februari 3, 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kulifunga JCenter, ghala ambalo programu nyingi za Android zilikuwa zikichota humo, na wasanidi kila mahali wakaanza kuhangaika kuhamisha maelekezo yao. Kampuni iliahirisha na kuliacha lisomeke bila kupokea vipya, ikawa rehema. Rehema si mpango.

Nchi hii ilishawahi kupita hapa. Zamani barua pepe ya mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani yake mteja wa kampuni nyingine ilipanda setilaiti, ikaenda Ulaya au Marekani, ikarudi. Wakenya wa TESPOK, chama cha kampuni za intaneti, wakasema haiwezekani, na Novemba 2000 wakaanzisha KIXP, mahali ambapo kampuni za intaneti hukutana na kubadilishana mizigo ya humu nchini humuhumu nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za nje, ililalamika, na baada ya majuma mawili hivi mdhibiti akaamuru ifungwe. Hawakukata tamaa. Waliandika, walieleza, walikwenda mbele ya wakubwa mpaka Februari 2002 ikafunguliwa tena, na tangu hapo haijafa. Hakuna aliyewakabidhi. Waliona aibu ya kitu cha nyumbani kuzunguka dunia ndipo kimfikie jirani, wakachukua hatua.

Na sisi tuone aibu hiyo. Katika jengo moja hapa karibu na Greenspan wanaweza kukaa wasanidi kumi, kila mmoja na waifai yake ya ploti, kila mmoja akinunua bando kupakua maktaba ileile kutoka seva ileile ya ng'ambo, siku ileile. Mashine moja ya zamani, yenye diski nzuri na betri ya kuivusha stima zikipotea, yatosha. Wekeni Nexus juu yake kwa ajili ya Maven, au Verdaccio kwa ajili ya npm. Zote zinapatikana bure. Msanidi wa kwanza akiomba maktaba, mashine hiyo huileta kutoka nje mara moja na kuiweka. Wa pili hadi wa kumi huipata hapohapo, hata kama chini ya bahari hakuna waya uliobaki mzima. Tena mtakuwa na mahali pamoja pa kuuliza: nini kiliingia, lini, na kwa ombi la nani. Na majina ya maktaba zenu za ndani yawe yamefungwa humo yasitafutwe nje, kwa maana Februari 2021 Alex Birsan alionyesha kwamba ukipandisha kwenye ghala la umma kifurushi chenye jina kama la ndani la kampuni, zana za ujenzi zinaweza kukichukua chako. Alipenya kampuni zaidi ya 35 kwa njia hiyo, kubwa kabisa zikiwemo. Yeye alikuwa mtafiti mwema, akawaarifu wenyewe. Atakayekuja kwako huenda asikuarifu.

Sikubali tena kusikia kwamba haya ni mambo ya kampuni kubwa. Kampuni kubwa ina watu wa zamu usiku. Kituo cha afya cha kaunti hakina. Kina karani mmoja aliyefundishwa siku chache, seva moja chini ya meza, na imani kwamba walioitengeneza programu walijali. Kwa hiyo mdogo ndiye anayepaswa kujali zaidi, maana nyuma yake hakuna wa kurekebisha.

Basi Jumamosi hii msikae kila mtu chumbani kwake. Kutaneni wawili wawili, kwa mmoja wenu au mahali popote penye meza na soketi. Chagueni mradi mmoja mnaouchangia, uwe OpenMRS au mwingine wowote, mzalishe ule mti mzima na kuutuma kwenye faili. Mmoja asome jina, mwingine atafute: nani anaitunza maktaba hii, wako wangapi, toleo la mwisho lilitoka lini, leseni yake inasemaje, na je, bado tunaihitaji. Yaandikeni majibu ndani ya mradi wenyewe, mahali atakapoyaona atakayekuja baada yenu. Palipo na matoleo mawili yanayogombana, amueni, na muandike sababu. Pasipohitajika, ng'oeni. Hamtamaliza siku moja. Wekeni alama mlipofika na Jumamosi inayofuata mwendelee.

Na mtakapokuta, kama mtakavyokuta, maktaba inayobeba mradi mzima ikiwa mikononi mwa mtu mmoja, msipite. Nendeni kwenye foleni yake ya hitilafu, mchukue moja iliyolala miezi mingi bila jibu, muitengeneze pamoja na jaribio lake, mumtumie. Mwambieni mko Donholm, Nairobi, na kwamba kazi yake inasoma faili za wagonjwa huku kwetu. Muulizeni anahitaji nini. Anzeni na aliye chini kabisa ya mti.